Lenzi ya zamani kwenye kamera mpya

Wapenzi wa picha, msizitupe lenzi za kamera za filamu! Nina Pentax K1000, ile iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997. Haina mambo mengi: betri ni ya kupima mwanga tu, hata ikiisha kamera inaendelea kupiga. Juzi nimechomoa lenzi yake ya milimita 50 nikaifunga kwenye Pentax yangu ya dijitali, na imeingia barabara.

Ila kwanza ingia kwenye menyu uruhusu pete ya kurekebisha tundu la lenzi, la sivyo kamera inagoma kupiga. Halafu kihisi cha hiyo kamera ya dijitali, yaani sehemu inayonasa picha, ni cha ukubwa unaoitwa APS-C, kidogo kuliko fremu ya filamu, kwa hiyo hiyo 50 inaona kama lenzi ya milimita 75 hivi. Kwa picha za sura nimeipenda mno! Fokasi unazungusha mwenyewe, taratibu, mpaka kope zionekane moja moja. Kwenye f/2, yaani tundu likiwa wazi sana na sehemu inayotoka safi ikiwa nyembamba, mtu akisogea kidogo tu, jicho limefifia na sikio ndilo limetoka safi.

Filamu bado siiachi, na rangi zake nazipenda vilevile. Nani mwingine anatumia lenzi za zamani? Weka picha zako hapa tuzione.