Fumbo la Hesabu Husomwa Kabla ya Kukokotolewa

Mpwa wangu, aliyeanza kidato cha kwanza mwaka huu, aliniletea daftari lenye swali lililomsumbua kwa siku mbili. Mkodishaji wa vifaa vya sherehe hutoza shilingi 60,000 kwa turubai na shilingi 500 kwa kila kiti. Je, mteja aliyelipa shilingi 185,000 alikodi viti vingapi? Alikuwa ametafuta gharama ya turubai na viti 100 akapata 110,000, na hapo alikuwa sahihi. Kisha akaandika kwamba viti 200 vitagharimu 220,000, na kuanzia hapo majibu yake yakaanza kupingana. "Mjomba," aliniambia, "kuzidisha ninajua, lakini hesabu inakataa."

Kuzidisha kwake hakukuwa na kasoro. Alichokosea ni kudhani kwamba viti vikiongezeka maradufu basi gharama yote nayo huongezeka maradufu, ilhali turubai linabaki moja, uwe umekodi viti 10 au 200. Viti 200 vinagharimu 100,000, ukijumlisha turubai unapata 160,000. Huu ni uhusiano ambao ukichorwa kwenye grafu hutoa mstari mnyoofu, lakini mstari huo haupiti kwenye sifuri, na ndiyo maana kanuni ya uwiano aliyoizoea tangu shule ya msingi haikumfikisha popote.

Nilimwomba aweke kalamu chini asome swali kwa sauti, akitafuta namba mbili zenye kazi tofauti. Ya kwanza hutambulishwa na maneno "kwa kila", au ndugu zake kama "kila siku" na "kwa saa". Hiyo ndiyo inayozidishwa, na kwenye grafu ndiyo mteremko wa mstari. Ya pili ipo hata kabla hujahesabu kiti cha kwanza, na mara nyingi fumbo haliitangazi, bali huificha katika ada ya usajili au katika maji yaliyokuwa tayari kwenye tenki. Akaandika y = 500x + 60,000, x ikiwa idadi ya viti na y gharama yote. Alipotoa 60,000 katika 185,000 akabakiwa na 125,000, akagawanya kwa 500, akapata viti 250.

Kuhusu herufi nina msimamo mkali kidogo. Watoto wengi hufundishwa kuchukua herufi ya kwanza ya kitu kinachotajwa, na katika Kiswahili desturi hiyo inaponza upesi, kwa kuwa wanafunzi, walimu na wazazi wote huanza na w, na maembe, mayai na machungwa yote huanza na m. Hata pale herufi zisipogongana, mtoto huamini kwamba herufi ni kifupi cha kitu chenyewe, kisha akiambiwa kwamba wanafunzi ni mara 30 ya walimu huandika 30 kando ya herufi ya wanafunzi badala ya ile ya walimu, na mlinganyo unageuka kichwa chini. Afadhali aandike sentensi kamili juu ya ukurasa: "x ni idadi ya viti." Herufi husimama mahali pa namba.

Mafumbo magumu zaidi ni yale yasiyotaja "kwa kila" hata mara moja. Nilimpa moja: baada ya siku 4 za kupikia, mtungi una kilo 12.6 za gesi, na baada ya siku 9 una kilo 9.6, ulianza na kilo ngapi, ikiwa matumizi ya kila siku ni sawa? Hapa mteremko unapaswa kutafutwa. Kilo 3 zimepungua kwa siku 5, yaani kilo 0.6 kwa siku. Rudi nyuma siku 4, ongeza kilo 2.4, na mtungi unasomeka kilo 15. Mlinganyo ni y = 15 − 0.6x, ambapo x ni idadi ya siku na y ni kilo zilizobaki, na gesi itakwisha siku ya 25.

Nilimweleza pia kwamba al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyeandika kitabu chake cha aljebra huko Baghdad katika karne ya 9, hakutumia x wala y. Aliandika kila mlinganyo kwa maneno matupu, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu mgawanyo wa mirathi. Kwa hiyo mwanafunzi anayelieleza fumbo kwa Kiswahili fasaha kabla ya kugusa alama tayari anafanya aljebra, hata kama kuanzia kidato cha kwanza somo lenyewe linafundishwa kwa Kiingereza.

Kabla hajaondoka nilimwongezea mkodishaji wa pili, anayetoza 30,000 kwa turubai na 700 kwa kila kiti, nikamuuliza nani ni nafuu. Safari hii alisoma mara mbili bila kuambiwa, akalinganisha 500x + 60,000 na 700x + 30,000, akapata x = 150, mahali ambapo wote wawili hutoza 135,000. Kisha akauliza mwenyewe: "Na sherehe yenyewe ina watu wangapi?"