Shume aliyetuzingira: jinsi nilivyomalizana naye

Nilimsikia kabla sijamwona. Ilikuwa alfajiri, bado kiza, na chini ya dirisha la jikoni ikatoka sauti ya kuvuta, ndefu, kama kichanga analia ndani ya mtungi. Mfuga paka yeyote anaijua sauti hiyo. Paka mwenye njaa halii hivyo. Nilipovuta pazia nikamkuta Kaniki, dume langu jeusi, kasimama dirishani, mkia umemtutumka kama brashi ya kusugulia chupa. Nje ya wavu, pua kwa pua naye, kakaa shume.

Na lilikuwa shume kwelikweli. Kichwa kikubwa, shingo nene, sikio la kulia limechanika zamani likapona vibaya, mashavu yamejaa kama ameficha tonge kila upande. Nilidhani anakula vizuri mahali. Baadaye daktari wa mifugo alinifafanulia kuwa mashavu yale ni kazi ya homoni za kiume: dume asiyehasiwa, akishakomaa, ngozi ya uso na shingo humnenepea, na hilo humfaa sana anapopigana. Binti yangu alimpa jina papo hapo. Mkoloni. Kwa nini? "Amekuja bila kualikwa, Baba, na anajifanya pake."

Hakukosea. Siku ya tatu Mkoloni aliupa mlango wetu mgongo, akainua mkia ukawa unatetemeka, akapuliza mkojo ukutani kama mtu anayetia sahihi kwenye hati ya nyumba.

Ndani ninao wawili. Kaniki ana miaka 5, amehasiwa tangu mdogo, mdomo mwingi, ushujaa kidogo. Pamba ni jike mweupe wa miaka 9 ambaye shughuli yake kubwa ni kufuata jua linavyohama sakafuni. Wote wawili walikuwa wamezoea kutoka uani wanapotaka. Hapo ndipo tulipoumia.

Jioni moja Kaniki aliingia mbio, akapita moja kwa moja chini ya kitanda. Nilimtoa nikamkagua: karibu na shina la mkia manyoya yamenyofoka kidogo, na vitundu viwili visivyozidi kichwa cha pini. Nikasema mikwaruzo tu hiyo. Siku ya pili alikula nusu. Siku ya tatu hakula kabisa, mwili wa moto, na pale kwenye vitundu pameota uvimbe wa ukubwa wa ndimu. Usiku huo nilikuwa nimeshika kidonge cha paracetamol mkononi, nataka kukikata robo nimpe apate usingizi. Sijui nini kilinizuia. Labda uvivu wa kutafuta kisu. Daktari aliposikia alinitazama kwa muda. Paracetamol ni sumu kwa paka. Ini lao haliwezi kuisafisha kama letu, na hata kipande kidogo kinaweza kumuua.

Uvimbe ulikuwa jipu. Jino la paka ni jembamba na refu kama sindano. Linapanda vijidudu chini ya ngozi, kisha kitundu kinajifunga upesi juu yake, na usaha unatunga kimya kimya siku mbili tatu. Kwa hiyo kidonda kidogo cha paka hakina maana ya kidonda kidogo. Daktari alilipasua, akaliosha, akampa antibiotiki. Tena akaniambia jambo lililonisikitisha kwa niaba ya Kaniki: paka aliyesimama kupigana huumwa usoni na miguu ya mbele. Anayeumwa mkiani alikuwa anakimbia.

Akauliza pia kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Nilikuwa nayo, imeandikwa kwenye kadi, na sijawahi kufurahia karatasi kiasi kile. Halafu akanieleza kuhusu FIV, virusi vya paka vilivyo na undugu na vile vya UKIMWI ila havimwambukizi binadamu. Njia yake kuu ni kuumana, na madume wanaorandaranda ndio wanaovibeba zaidi. Kipimo cha siku ile hakingetosha, kwa kuwa mwili huchukua wiki kadhaa kuonyesha dalili kwenye damu. Turudi baada ya miezi miwili. Miezi miwili ya kumtazama paka wako na kujiuliza.

Nilirudi nyumbani na hasira, na hasira ni mshauri mbaya. Nilimfukuza Mkoloni kwa ufagio. Nilimmwagia maji. Nilimrushia kandambili, ikampita ikatua ndani ya ndoo ya jirani. Kila mara alikuwa anaondoka hatua chache, anakaa, anajilamba mguu, na baada ya saa moja yuko palepale. Mlango niliusugua kwa sabuni kali yenye amonia mpaka macho yakanitoka machozi. Kesho yake akakojoa tena, tena zaidi. Kumbe harufu ya amonia inakaribiana na ya mkojo. Kwa pua yake palikuwa pamekojolewa na dume mwingine, na yeye hakubali kupitwa. Nilichokuja kukiona kinafanya kazi ni dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya, ambavyo huuvunjavunja mkojo wenyewe badala ya kuufunika kwa manukato.

Mtu mmoja ninayemheshimu alinishauri sumu. Nilimkatalia. Huruma ilikuwepo, lakini hata bila huruma, sumu haichagui: atakula huyu, atakula mbwa wa mtu, ataokota ndege, na siku mlango ukisahauliwa wazi atakula Pamba. Wa pili akasema nimtie gunia nikamtupe mbali. Hilo nalo ni kumhamishia mwenzako tatizo, na kumwacha mnyama mahali asipojua maji yalipo. Na chakula kilichomvuta huyu kikiendelea kuwepo, mwingine atakuja kushika nafasi.

Basi nikafunga wangu ndani, nikadhani nimemaliza. Kumbe ndipo nyumba ilipochafuka.

Kaniki alikuwa dirishani jioni, Mkoloni nje anamkazia macho. Huyu anafoka, yule anafoka, kioo katikati. Pamba, masikini, akapita nyuma ya Kaniki kwenda kwenye bakuli lake. Kaniki akageuka kama umeme akamrukia. Sijawahi kuona kitu kama kile ndani ya nyumba yangu: manyoya meupe hewani, mayowe, meza imepinduka. Na mimi, kwa akili zangu zote, nikaingiza mkono katikati.

Usiingize mkono. Piga sufuria, tupa blanketi, chomeka kipande cha boksi kati yao, chochote kisichokuwa na damu yako ndani. Niliumwa chini ya kidole gumba. Nikaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nikaenda hospitali bila kungoja asubuhi, kwa sababu mkono una mishipa na viungo vingi karibu na ngozi, na jino lilelile lililomtungia Kaniki jipu haliwezi kunihurumia mimi.

Daktari wa paka hakushangaa. Alisema Kaniki hakuwa na ugomvi na Pamba. Alikuwa amejaa hasira ya adui asiyeweza kumfikia, akaimwaga kwa aliye karibu. Ila Pamba hajui hayo. Kwake, mwenzake wa miaka mingi amegeuka jini. Kuanzia siku ile akimwona tu anajikunja, anafoka, anapanda juu ya kabati, na Kaniki akiona mwenzake anamfokea, naye anaanza upya. Mkoloni hakuwa ameingia ndani hata mara moja, na tayari alikuwa amewatenganisha.

Kuwapatanisha kulinichukua siku 12, na ndiyo kazi ninayojivunia kuliko yote. Niliwaweka vyumba viwili, kila mmoja na maji yake, sanduku lake la haja na mahali pa kujificha. Siku za mwanzo hawakuonana kabisa. Nilichukua kitambaa nikampangusa Kaniki mashavuni, kwenye tezi zinazotoa harufu wanayoachia vitu wanapojisugua, nikakiweka chini ya bakuli la Pamba. Kisha cha Pamba kwa Kaniki. Siku ya kwanza Pamba alikinusa akakifokea kitambaa. Siku ya nne akakilalia. Hapo nikaanza kuwalisha pande mbili za mlango mmoja uliofungwa, bakuli mbali, kila mlo nasogeza kidogo, mpaka wakawa wanakula wametenganishwa na ubao tu. Siku ya tisa nikauacha mlango mwanya wa vidole viwili. Pamba akanyanyua kichwa, akamtazama, akarudi kula. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha, nikajizuia, maana ningeharibu kila kitu.

Wakati huohuo nusu ya chini ya madirisha niliibandika karatasi inayofifisha kioo: mwanga unaingia, sura haionekani. Kama una muda wa kufanya jambo moja tu leo, fanya hili.

Sasa Mkoloni mwenyewe. Nilikwenda kwa mama jirani kuomba radhi kwa ile kandambili, na kupeleleza.

"Mama, yule paka mkubwa ni wako?"

"Wangu wapi, mwanangu! Anakuja jioni, ananililia, namwonea huruma, namtupia mabaki pale ukutani."

Pale ukutani ni ukuta wetu wa pamoja. Yaani kila jioni adui wangu alikuwa anaandaliwa karamu hatua chache kutoka dirishani kwangu. Sikumlaumu, nilimweleza tu. Tukakubaliana aendelee kumlisha, kwa sharti: upande wa mbali wa uwanja wake, saa ileile kila siku, na bakuli linaondolewa akimaliza. Hakuna mabaki ya usiku. Wiki moja tu ya utaratibu huo na Mkoloni akawa na ratiba kuliko mimi. Paka mwenye ratiba hunaswa kirahisi.

Mtego niliuazima kwa daktari: kizimba cha waya chenye mlango unaoshuka mnyama akikanyaga kibao. Siku tatu tuliufunga mlango kwa kamba ubaki wazi, bakuli ndani, ajizoeze kuingia na kutoka. Siku ya nne hakulishwa, kamba ikafunguliwa, na ndani kukawekwa samaki wa kopo anayenuka mpaka barabarani. Saa moja jioni mlango ukashuka. Nikakimbia na shuka mkononi nikakuta paka wa rangi ya chungwa, mnene, ana mkanda shingoni, kashamaliza samaki wote. Nikamfungulia, akaondoka polepole bila hata aibu.

Kesho yake alinaswa mwenyewe. Alijibamiza kwenye waya kwa kishindo cha kutisha, lakini nilipofunika kizimba kwa shuka akanyamaza palepale. Giza huwatuliza. Nilibeba kizimba kile hadi kwa daktari, na nikishika mpini nilihisi kinatetemeka. Shume lile, la mashavu yale, linatetemeka.

Daktari alimpima kama ana chipu, kile kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi kumtambulisha mwenye paka, hana. Akamhasi, akamchanja kichaa cha mbwa, akampima FIV (hakuwa nayo, nikapumua), na akiwa bado kwenye usingizi wa dawa akamkata ncha ya sikio la kushoto, alama inayotumika nchi nyingi kumjulisha mtu mwingine kwamba paka huyu ameshashughulikiwa asisumbuliwe tena. Alilala huko usiku mmoja. Asubuhi nikamfungulia palepale aliponaswa, akatoka kama risasi.

Wiki mbili zilizofuata nilidhani tumechezewa. Alikojoa mlangoni mara tatu. Alilia alfajiri. Nilimpigia daktari simu kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, naye akaniambia homoni haziondoki siku ya upasuaji, nisubiri hadi wiki ya sita. Alikuwa sahihi. Kwanza kelele zilipungua, kisha mkojo ukakoma, kisha nikagundua siku kadhaa zimepita bila kumfikiria. Hakuwa malaika, mara moja alimpiga yule wa chungwa kofi zito mbele ya macho yangu. Lakini hakumfukuza, na hakumuuma.

Kaniki na Pamba hawatoki tena wapendavyo. Wanatoka mchana, mimi nikiwepo, na alfajiri na magharibi, saa ambazo paka wengi huzunguka kuwinda na kupimana ubavu, wako ndani. Karatasi bado iko madirishani.

Kipimo cha Kaniki cha miezi miwili kilitoka safi. Tulivyokuwa tunarudi, mama jirani alikuwa nje na bakuli, na Mkoloni amelala juu ya ukuta wake, mashavu yameanza kupwaya, ameachia mguu mmoja unaning'inia. Kaniki alimwona kupitia tundu za kikapu. Alifoka mara moja, kwa heshima ya zamani. Yule wa ukutani alitikisa sikio lililokatwa, hakufungua hata macho.

"Usimwite tena Mkoloni," mama jirani akamwambia binti yangu. "Mimi namwita Mpangaji."