Julai 25 nilimpeleka babu Mtumba

Babu alikuwa ananisumbua tangu mwezi wa sita, "mjukuu wangu nipeleke nikaone mnara wa mashujaa", sa mimi kila mwaka Julai 25, Siku ya Mashujaa, naishia kuangalia kwenye tv tu. Mwaka jana nikasema potelea mbali, alfajiri tukapanda daladala ya Mtumba, uliko mnara, tumejifunga makoti, maana upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba mnaujua, unaingia mpaka kwenye mifupa alafu unakumwagia na vumbi juu.

Shughuli yenyewe wala sio ndefu. Gwaride, tarumbeta, kimya, alafu silaha za jadi zinawekwa mnarani, Rais mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, Meya upinde na mshale, mzee mmoja kwa niaba ya wazee wenzake shoka. Kwenye tv huwa naona kama maigizo flani hivi (mnisamehe), ila ukiwa pale watu wote wamenyamaza unasikia mpaka bendera inavyochapwa na upepo, mwili unasisimka wenyewe.

Mi kichwani nilikuwa na Kagera tu, ndo vita tuliyokulia kusimuliwa, Amin kuingia Oktoba 1978, Nyerere na uwezo, sababu na nia ya kumpiga, Kampala kuanguka Aprili 1979. Babu wala hakuwa huko. Akaninong'oneza, "Na wale wa mizigo, wamewekewa nini?"

Mizigo gani tena? Kumbe anaongelea vita ya kwanza ya dunia, ya Mjerumani na Mwingereza. Huku Ugogo wote wawili walikomba, Mjerumani alianza, na jeshi la Mwingereza lilipoiteka Dodoma mwaka 1916 likaendelea palepale, wanaume wanabebeshwa mizigo ya vita, ng'ombe wanaswagwa, nafaka inabebwa, kwahiyo mvua ilipokuja kugoma watu hawakuwa na akiba wala mfugo wa kubadilisha na chakula. Ndo ikawa njaa ya Mtunya, 1917 mpaka 1920 huko, wanahistoria wanakadiria Wagogo kama 30,000 walikufa. Elfu thelathini jamani! Wapagazi wa vita ile Dar angalau wameachiwa jina la Kariakoo (limetokana na Carrier Corps, kikosi chao), na ile sanamu ya Askari ya mwaka 1927 maandishi yake yanawataja. Waliokufa na njaa je?

Bibi yake babu aliipitia akiwa kigoli, alikuwa anasimulia walivyochemsha ngozi ya kulalia wakaila. Ngozi ya kulalia, ile ile. Babu alivyokuwa ananiambia alikuwa anasugua suruali yake gotini kama anaipapasa hiyo ngozi.

Kurudi tulisubiri gari karibu lisaa, watu wengi mno. Akaanza kunihesabia kwa vidole ndugu za bibi yake walioondoka na Mtunya, akafika wanne, wa tano jina likamkataa. Kidole kikabaki hivyo hivyo kimenyooka mpaka tumefika Ihumwa.