Nilivyochagua kompyuta ya mkononi ya kusomea Biblia

Karibu kila mjuzi wa kompyuta niliyemuuliza alinipa jibu lile lile: nunua yenye prosesa kali na kumbukumbu kubwa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza naenda kuifanyia nini. Nilitaka kifaa cha kushika mkononi, cha kuandalia mafundisho ya Biblia, kiendeshe programu huria zinazosoma moduli za SWORD, yaani mafaili ya Biblia, kamusi na ufafanuzi ya ule mradi wa CrossWire. Sasa tupige hesabu. Biblia nzima ikishakandamizwa ni megabaiti chache. Ongeza namba za Strong, zinazoonyesha neno la asili nyuma ya kila neno, kamusi zake mbili za Kiebrania na Kigiriki, na ufafanuzi mnene wa Matthew Henry, na bado hujafikia nafasi inayoliwa na video moja ya harusi. Prosesa kali ya kumkimbiza nani? Obadia?

Mshauri mmoja, mtu wa Linux, ule mfumo huria wa kompyuta, wa kufa na kupona, alikuja na lake. Akaniazima kompyuta yake ndogo yenye kibodi ya vidole gumba. "Chukua hii, ndugu yangu, hutataka nyingine." Xiphos, programu ya kusomea moduli hizo, ikafunguka bila kusumbua. Shida ilikuwa kusoma. Programu hiyo imetengenezwa kwa ajili ya kompyuta ya mezani: orodha ya vitabu kushoto, maandiko katikati, ufafanuzi na kamusi upande mwingine. Kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja, maandiko yenyewe yalibaki na upana wa maneno mawili matatu kwa mstari.

Hilo ningelivumilia kwa kufunga vidirisha. Lakini kwenye Xiphos, maana ya namba ya Strong hujitokeza ukipeleka kishale cha kipanya juu yake bila kubofya. Kidole hakielei. Kikigusa, kimebofya. Nikahamia BibleTime, programu nyingine ya aina hiyo, nako kidirisha cha maelezo kinasubiri kishale kipite juu ya neno. Basi nikachomeka kipanya. Kikafanya kazi vizuri sana, ila kipanya kinataka pa kutelezea, na mimi nikawa mwenye kompyuta ya mkononi isiyotumika bila meza.

Hapo ndipo nilipokumbuka diatheke, na hili nalisimulia kwa maringo. Ni programu ndogo inayokuja na SWORD, haina vidirisha wala vitufe. Unaandika amri, inakutolea aya. Unaandika hivi:

diatheke -b KJV -o n -k Jn 3:16

na aya inatoka pamoja na namba zake za Strong. Nani ataandika yote hayo kwa vidole gumba? Nikatunga skripti fupi, faili lenye amri hiyo tayari, nikaipa jina la herufi moja tu, b. Tangu hapo ilikuwa "b Jn 3:16" na kugonga Enter. Nikatengeneza nyingine ya kutafuta neno, na nyingine ya kufungua kamusi ya Strong kwa namba. Yule bwana wa Linux aliponiona nachomoa aya haraka kuliko mtu anayepekua kurasa, aliomba skripti zangu. Nilimpa, pamoja na kompyuta yake.

Maana diatheke ni nzuri kwa aya moja moja tu. Mimi huandaa somo huku maandiko yako juu na ufafanuzi chini, vikitembea pamoja, na hilo AndBible, programu ya Android inayosoma moduli zile zile, inalifanya vizuri kuliko zote nilizojaribu. Kwa hiyo utafutaji ukawa wa kishikwambi cha Android. Visomea-vitabu vya wino wa kielektroniki vinapendeza macho, lakini vingi vimefungwa, havipokei programu ya nje. Niliviacha.

Dukani sikuuliza prosesa. Nilienda na memori kadi yangu, ndani yake faili la kusakinisha AndBible kutoka F-Droid, hazina ya programu huria za Android, na moduli kadhaa zikiwa zip. Kifaa kisicho na tundu la kadi nilikirudisha kabla ya kukiwasha. Vilivyobaki nilivipima hivi: nasakinisha, naingiza zile zip, nafungua Zaburi 119 yenye aya zake 176, dirisha la pili naweka ufafanuzi, kisha nateleza kwa kidole kutoka juu hadi chini. Kikikwama, asante. Halafu Mwanzo 1:1 kwa Kiebrania, moduli ya WLC (Westminster Leningrad Codex), ile yenye irabu. Kimoja chenye Android ya zamani mno kilizitupa nukta za irabu pembeni mwa herufi badala ya kuziweka chini yake. Kwa mwanafunzi wa Kiebrania hicho ni cha kuchezea watoto. Mwisho nilikishika kwa mkono mmoja nikiwa nimesimama, mpaka mkono uniambie. Muuzaji alikuwa ameshachoka nami.

Nilichochukua ni cha inchi nane, kilichotumika, bei chini ya nusu ya walichokuwa wananisukumia. Inchi saba inatosha kama husomi lugha mbili kwa pamoja. Ukifika kumi unabeba sinia.

Usishangae ukitafuta neno mara ya kwanza ukaambiwa faharasa, ile orodha ya maneno ya kutafutia, haipo. Kila moduli hutengenezewa ya kwake, na kwenye kifaa cha kawaida inachukua muda. Mimi nilichomeka chaja nikazitengeneza zote usiku mmoja. Tafsiri nyingine mpya zina hakimiliki na moduli zake hufungwa kwa ufunguo wa kulipia, kwa hiyo angalia kabla hujamwahidi mtu kwamba kila kitu ni bure. Zile zip nimeziacha kwenye kadi, na kadi siichomoi ovyo.