Mume wangu alisahau kwamba niliacha pombe

Niliacha pombe Machi 2009, na aliyehesabu siku alikuwa Mzee wangu. Ukutani jikoni tulikuwa na kalenda, ile ya bure wanayogawa kwenye duka la nyama, na kila usiku kabla ya kulala alipiga mstari mmoja kwa kalamu nyekundu. Mwaka wa pili nilimwambia inatosha sasa, nimepona. Akanijibu bila kugeuka, "Mama watoto, hujapona. Umeacha." Akapiga mstari wake, akaenda kulala.

Sisi ni watu wa Moshi, lakini maisha yetu yamekuwa Leeds tangu 1998. Yeye aliendesha mabasi ya mjini miaka 17, mimi nilifanya usafi hospitalini zamu ya usiku. Watu wakisikia Mchaga na pombe wanacheka, wanadhani ni mbege ndiyo iliyonimaliza. Mbege nimekunywa tangu utotoni kwenye ngoma na kwenye matanga, haikunifanya lolote. Kilichonimaliza ni mvinyo mweupe wa bei ya chini niliokunywa peke yangu saa mbili asubuhi nikitoka kazini, mapazia yamefungwa, watoto wako shule.

Nilivyokuwa naacha, jioni zangu zilishikiliwa na tamthilia. Saa moja kamili tulikuwa tukikaa mbele ya Emmerdale. Inatengenezwa hapa hapa Leeds, na Mzee alikuwa akipita na basi lake mbele ya studio za Kirkstall Road, kwa hiyo aliiona kama mali yake. Miaka kadhaa baadaye hadithi kubwa ikawa ya mchungaji Ashley, aliyepata ugonjwa wa kusahau, ule unaotokana na damu kutofika vizuri kwenye ubongo. Mkewe, Laurel, alikuwa mlevi aliyeacha. Nchi nzima ilimlilia Ashley. Mimi macho yangu yalikuwa kwa Laurel: mikono yake, anapofungua kabati, anapobaki peke yake jikoni.

Desemba 2016 walionyesha sehemu moja yote kwa macho ya Ashley. Njia za kijiji chake zinampotea, nyuso anazozijua zinageuka kuwa za watu wengine. Mzee alishika rimoti muda wote bila kubonyeza kitu. Mwishoni akasema, "Huyu mama akirudia chupa, mimi simlaumu." Nikamwambia mimi namlaumu. Tukabishana mpaka chai ikapoa.

Miaka miwili baadaye Mzee alipata kiharusi kidogo, halafu kingine. Daktari alituchorea ngazi kwenye karatasi. Alisema ugonjwa wa kusahau wa aina hii, ule ule wa Ashley, haushuki kama mteremko. Mtu anakaa pale pale miezi, unaanza kuzoea, halafu anashuka daraja moja ghafla. Dawa za presha na za kuzuia damu kuganda zinaweza kuchelewesha daraja linalofuata, ila alilokwisha kushuka huwa harudi kulipanda. Kiingereza kilianza kumtoka, pamoja na kuwa alikitumia kazini miaka yote ile. Kikabaki Kiswahili, na siku mbaya Kichaga tu. Wahudumu waliotumwa kumwogesha walidhani anawatukana, kumbe anaomba maji yapoozwe.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Nilijua atasahau jina langu, nilijua ipo siku atadhani mimi ni dada yake. Kalenda sikuiwazia. Usiku mmoja nilimkuta amesimama jikoni na kalamu nyekundu mkononi, anaangalia mistari. Akaniuliza, "Hizi alama ni za nini?"

Nikasema ni siku za kutoa takataka.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, akarudisha kalamu kwenye kikombe. Nilimlaza, nikashuka, nikakaa ngazini gizani. Miaka kumi ilikuwa imeandikwa mahali pawili tu, ukutani na kichwani mwa mtu mmoja. Mimi mwenyewe sikuwahi kuhesabu.

Anayemuuguza mgonjwa wa namna hii anaijua saa ya jioni. Mwanga ukianza kupungua anaanza kuhangaika, anatafuta mlango, anataka kwenda kwao, anamwita mama yake. Desemba hapa Leeds jua linazama kabla ya saa kumi. Na mlevi yeyote aliyeacha atakwambia saa yake mbaya ni ipi. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja tulikuwa watu wawili tunaoharibikiwa saa ile ile. Kwenye mikutano ya AA, ya sisi walevi tunaosaidiana kuacha, wanatufundisha kujiuliza maswali manne kabla ya yote: una njaa, una hasira, una upweke, umechoka? Kwangu ikifika saa kumi na moja jibu lilikuwa ndiyo mara nne.

Halafu ikaja Machi 2020. Kituo cha wazee alichokuwa akishinda mchana kilifunga. Mikutano yetu ilihamia kwenye simu, vichwa ndani ya vidirisha. Maduka mengi yalifungwa, lakini ya pombe serikali iliyaacha wazi pamoja na ya chakula na ya dawa. Niliposikia nilicheka peke yangu.

Sikuteleza mwaka ule. Niliponea chupuchupu Januari 2021. Nilinunua chupa moja ndogo pamoja na mkate na maziwa, nikaitia kwenye mfuko wa koti, koti nikalitundika mlangoni. Siku mbili nilipita mbele ya lile koti. Nilijiambia sijanywa, nimenunua tu. Siku ya tatu nilikuwa juu natandika kitanda, nikasikia glasi zinagongana. Nikashuka. Mzee ameketi mezani, amevaa koti langu, amemimina glasi mbili, sawa sawa, kama alivyokuwa akiwapimia wageni zamani. Akanivutia kiti. "Karibu, mama. Leo hujanywa kitu."

Alikuwa mchangamfu, na ndiyo iliyoniua. Wiki nzima hakuwa ametabasamu, na sasa ananipa kwa mikono miwili, kwa heshima, kitu alichokipigia mistari miaka kumi. Harufu ilikwisha kunifikia. Sikusali wala sikukumbuka somo lolote. Nilichokumbuka ni kwamba basi linapita saa kumi na nusu. Nikamwambia, "Mzee, twende, basi linakuja." Neno basi lilimwinua. Nikamfunga vifungo, nikavaa jaketi lake, glasi nikaziacha mezani vilevile. Kule juu ya ghorofa ya basi ndiko nilikompigia sponsa wangu, mwenzangu wa AA aliyetangulia kuacha na anayenishika mkono. Ni mama wa Kiyorkshire wa miaka 76, hana maneno mengi. Alisema, "Usirudi nyumbani mpaka nikwambie." Ana ufunguo wa akiba. Tuliporudi meza ilikuwa imefutwa na dirisha la jikoni liko wazi, baridi kali.

Wiki iliyofuata nilifanya jambo nililolikimbia tangu mwanzo. Kisheria hapa, tangu ile sheria ya huduma ya 2014, mlezi naye ana haki ya kutathminiwa na halmashauri kwa mahitaji yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nikijibu kila mara kwamba niko salama. Niliogopa nikisema mlevi watamchukua Mzee, na nilimwogopa zaidi mtu wa Moshi atakayesikia. Safari hii nilimwambia yule afisa yote, pamoja na koti. Aliuliza swali moja tu: saa ngapi ndiyo mbaya? Akaandika. Kwenye faili la Mzee, chini ya dawa zake za presha, pakaingia mstari unaonihusu mimi, kwamba mke asiachwe naye peke yake jioni. Mhudumu wa saa tatu asubuhi, ambaye sikumhitaji sana, akahamishiwa saa kumi. Ni muda wa saa moja na nusu tu, siku nne kwa wiki. Nalala dakika 20, nakula chakula cha moto, naingia mkutanoni kwa simu nikiwa chumbani.

Mengine ni madogo. Nilitoa ndani hata dawa ya kusukutulia mdomo na dondoo za vanila za keki, maana zina pombe. Koti langu sasa halina mifuko, nimeishona. Binti yetu aliyeko Birmingham ndiye aliyerithi kalenda. Kila usiku saa nne ananitumia namba, namba tu, bila salamu, nami namrudishia ile ile. Siku nisipoirudisha anapiga. Ile ya ukutani bado ninayo, na Mzee akiuliza namwambia ni siku za takataka. Ndugu mmoja wa kanisani aliniambia ningemwombea zaidi Mzee nisingehitaji haya yote. Nilimkaribisha aje akae naye Jumapili kuanzia saa kumi mpaka saa mbili usiku. Hajaja.

Mwezi uliopita theluji ilianguka, mhudumu akachelewa, na Mzee alikwisha anza kuuvuta mlango. Tukatoka. Yeye ana kadi ya bure ya wazee, mimi nililipa. Tukapanda juu, tukakaa viti vya mbele kabisa, kioo kimejaa ukungu, naye akakifuta kwa mkono wa sweta. Kila kituo alikuwa akikanyaga breki isiyokuwepo.

"Umelipa nauli?" akaniuliza.

"Nimelipa, Mzee."

Akaangalia barabara muda mrefu. Halafu akaniinamia, akanong'ona Kichaga asisikike, kwamba huyu dereva kona anazikata vibaya.