Siku moja maishani mwangu: daivamasta wa Nungwi, siku ya bamvua

Saa 10 na nusu alfajiri. Mie ni daivamasta, yaani naongoza wageni kuzamia baharini huku Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Nshaamka kabla ya adhana, na cha kwanza sio simu, cha kwanza nasikiliza upepo kwenye makuti. Mwezi wa pili huu, kaskazi bado inavuma, na juzi tu mwezi ulikuwa mpevu kwaiyo leo ni bamvua. Siku za bamvua huku kwetu maji yanapanda na kushuka karibu mita 4, na maji yote hayo yakipita kwenye mwamba lazima yaje na mkondo. Saa hizi yamejaa, kwenye saa 4 asubuhi yatakuwa makavu. Naswali, nakunywa chai, naondoka nikiwa nshajua leo tutashuka saa ngapi na upande gani wa kisiwa cha Mnemba, maana ukienda kuamua hayo ukiwa juu ya boti na wageni wanne wanakuangalia usoni utaamua vibaya.

Saa 12 asubuhi. Kujaza mitungi ya hewa ya kuzamia. Kabla sijawasha kompresa, ile mashine ya kushindilia hewa, naangalia moshi wa injini unaelekea wapi na mpira wa kuvuta hewa umekaa wapi, upepo ukigeuka nauhamisha. Watu wengi hawajui kwamba hewa chafu ni hatari zaidi chini kuliko juu. Ile kaboni monoksaidi haina harufu, na kiasi ambacho huku juu kingekupa kichwa kuuma tu, kule chini shinikizo linakizidisha. Kwaiyo ukifungua mtungi wako ukasikia harufu ya moshi au mafuta, rudisha, usione haya, hata kama boti zima linakusubiri wewe.

Saa 1 na nusu wageni wanafika. Hapa ndo kazi yangu kubwa ilipo, hapa ufukweni kabla ya maji. Nauliza nani ana mafua, nani kalala saa ngapi, nani kanywa jana, nani anapanda ndege lini. Dada mmoja ana mafua na kameza vidonge vya kufungua pua, nikamwambia dada yangu leo hushuki, vidonge vinaweza kuisha nguvu ukiwa chini, hewa ikanasa sikioni na huna pa kuipitisha wakati wa kupanda. Alikasirika kidogo. Na kaka mmoja ana ndege usiku huu huu! Alikokata nafasi hawakumuuliza. Mizamo miwili inaisha saa 6 na nusu mchana, baada ya mizamo miwili unatakiwa ukae angalau masaa 18 ndo upande ndege, hata mzamo mmoja tu ni masaa 12. Nikamhamishia kwenye safari ya kuogelea na maski juu juu, pesa yake iliyobaki akarudishiwa. Bosi hakufurahi ila alinielewa.

Kwenye boti kila mtu na mwenzake wanakaguana, jaketi la kuelea linalojazwa hewa, vyuma vya uzito, vifungo, hewa. Kwenye hewa nawalazimisha wavute pumzi tatu huku wanaangalia geji. Leo sindano ya mmoja ilikuwa inashuka kila akivuta na kurudi akiacha, yaani koki ya mtungi ilifunguliwa kidogo tu. Juu unapumua vizuri kabisa, ukifika mita 15 hewa haitoshi na hapo ndo mtu anapagawa. Pumzi tatu tu zimelikamata. Alafu nawakumbusha dole gumba juu maana yake tunapanda, sio "poa", poa ni kidole gumba na cha shahada kufanya duara.

Saa 3 na dakika 40 tunashuka upande uliokingwa na kaskazi, maji yanakaribia kutulia. Mzamo wa kwanza mzuri sana, mita 18, kasa wawili, samaki mkunga kwenye shimo lake. Nawashusha pole pole, masikio yafunguliwe kila mita moja kabla hayajauma, ukisubiri yaume umechelewa, panda kidogo ujaribu tena. Mgeni mmoja, mwanamme wa makamo, anavuta hewa haraka kuliko wenzake. Sio kosa, mapafu ni mapafu, ila hesabu lazima uijue. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika huku juu, kwenye mita 20 anatumia 60, kwaiyo mtungi wa lita 11 ukianza na bari 200 (bari ni kipimo cha shinikizo kwenye geji) ukataka kubaki na 50 una kama dakika 27 tu, na hiyo ni ukitulia.

Tukapumzika saa nzima, maji ya kunywa mengi, tikiti maji, kivuli. Yule bwana akaniambia alijiona mzito chini, tumtoe kilo 2 kwenye mkanda. Nikakubali. Hilo kosa langu nalisema wazi ili na wewe ujifunze. Mtungi wa alumini ukiwa umejaa ni mzito, ukikaribia kuisha unaanza kuelea, hewa yenyewe ina uzito wake. Uzito wa mkanda unapimwa kwa mwisho wa mzamo, mtungi ukiwa na bari 50, sio mwanzo.

Saa 5 na nusu tukashuka tena. Maji yameanza kujaa, mkondo unasukuma kidogo, yule bwana anapiga miguu kupigana nao badala ya kujishika chini karibu na mwamba ambako mkondo ni hafifu. Nilipomuuliza hewa akanionyesha bari 60. Basi tukapanda wote, boya la rangi ya chungwa nimelirusha juu, tukasimama mita 5 dakika 3 ili naitrojeni itoke mwilini taratibu. Dakika moja haijaisha naona anaanza kwenda juu, jaketi lake tupu, nikamshika finsi, kile kiatu cha kuogelea, ikaniponyoka, akapanda. Mita 5 za mwisho ndo hewa inapotanuka kwa kasi kuliko pengine popote, na ndo watu wanapozidharau. Namshukuru Mungu alikuwa anapumua, hakubana pumzi, maana ukibana pumzi ukipanda hata mita chache pafu linaweza kuchanika. Nahodha alishaliona boya, akamchukua hapo hapo. Mie nikamaliza dakika 3 na watatu waliobaki, roho yangu iko juu.

Kwenye boti nikamuuliza, akasema yuko sawa kabisa. Nikamwambia leo umemaliza, kaa kivulini, kunywa maji, usibebe kitu, mwenzako asikuache.

Saa 9 mchana naosha vifaa kwa maji baridi, yule bwana anakuja taratibu anakunja na kukunjua mkono wa kushoto. Eti vidole vina ganzi na bega linamuuma, labda kalilalia. Sikubishana. Nikamlaza chali, maski ya oksijeni usoni, ile yenye mfuko, oksijeni tupu, saa nikaiandika kwenye kiganja, nikampigia daktari. Baada ya dakika 20 ganzi ikaisha akataka kuinuka. Hapana kaka. Oksijeni kukupa nafuu sio kupona, ni dalili tu kwamba ulikuwa na tatizo. Daktari akasema aletwe kwenye chemba ya shinikizo na oksijeni iendelee njiani. Nilimuuliza kwa nini hukusema kwenye boti, akasema ganzi ilianza mapema ila aliona aibu, hakutaka kuharibu siku ya wenzake.

Aibu. Hilo neno nalijua mie.

Saa 2 usiku nimempelekea mjomba wangu chakula. Mjomba alikuwa mzamiaji wa majongoo bahari miaka hiyo, wanapewa mitungi na tajiri, mitungi mitatu minne kwa siku, wanashuka mpaka pale majongoo yalipo na wanapanda moja kwa moja kwa sababu juu kuna mtu anahesabu mzigo. Siku hiyo miguu ilimwasha, ikafa ganzi, akanyamaza, akalala nayo. Asubuhi haikumbeba. Watu wakasema kakanyaga watoto wa jini wa baharini, akaletewa mganga, kombe, kafara ya kuku, siku zikapita. Mpaka leo anatembea kwa magongo mawili. Kinachoniuma ni kwamba elimu ilikuwepo. Mwaka 1908 John Scott Haldane, Mskochi, alishatoa majedwali ya kupanda kwa vituo baada ya kuwajaribu mbuzi kwenye chemba, na ilishajulikana hata kabla yake kwamba kinacholeta ganzi na maumivu hayo ni naitrojeni inayotoka damuni kama povu la soda. Karibu karne nzima baadae mjomba kashushwa baharini na hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia neno. Ndo maana wageni wakiniona mkali kwa dakika 3 za mita 5 sijali.

Nikamsimulia ya leo. Akauliza alikaa muda gani kabla ya kusema, nikamwambia kama masaa matatu. Akatikisa kichwa, akasema, "Afadhali. Mie nilikaa siku mbili."

Saa 4 usiku ujumbe umeingia, yule bwana katoka chemba, mkono uko sawa, wamemweka wamwangalie mpaka kesho. Mtungi wa oksijeni umebaki robo, kwaiyo kesho boti haitoki mpaka niupate mwingine uliojaa, nshamwambia bosi na nahodha.