Tulivyopata mahali pa kulaza malori chini ya Sekenke

Kwenye ramani, Ukanda wa Kati ni mstari unaotoka Bandari ya Dar es Salaam hadi mipakani Rusumo na Kabanga, kwa mizigo ya Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Nilipopewa kazi ya kupanga maegesho ya malori mkoani Singida, mchoro wa awali ulionyesha kiwanja kando ya mji, kwa kuwa ardhi hiyo tayari ilikuwa ya serikali. Malori yenyewe yalilala kwingine, pembeni mwa lami, chini ya mlima Sekenke.

Takwimu za mizani zinakupa uzito na idadi ya ekseli. Hazikwambii dereva kasimama wapi na kwa nini. Kwa hiyo tulihesabu usiku, na fomu fupi: gari linaelekea wapi, lina mzigo au tupu, limesimama kwa nini.

Nilimkuta mzee mmoja akigonga matairi kwa nyundo, sikio kalitega. Nikamwamkia, nikamuuliza kwa nini hakulala mjini. "Marahaba, binti yangu. Ukishuka huu mlima na mzigo, breki zinanuka. Lazima usimame zipoe. Mjini nisimame nifanye nini, ninyonywe mafuta?" Maneno yake niliyaandika kwenye ripoti kama yalivyo.

Mama ntilie wa pale ndiye aliyenifunza kupima ukubwa wa uwanja. Malori huja kwa mafungu, alisema; akisikia meli imeshusha Dar, anaongeza sufuria. Tukaacha wastani wa siku, tukapanga kwa usiku wa msongamano. Malori ya mafuta tukayatengea upande wake, mbali na majiko.

Ardhi ilikuwa ya kijiji, hivyo tulifuata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999: halmashauri ya kijiji kwanza, kisha mkutano mkuu. Kikao kilikuwa kirefu, na kilistahili. Wenye mashamba walitaka kujua fidia, kina mama walitaka vibanda vyao viwe ndani ya uzio. Yote mawili yaliingia kwenye mpango kabla ya kura.

Bajeti haikutosha kila kitu. Nilisimamia taa, choo na mlinzi vitangulie, pamoja na zege langoni tu, kwani changarawe haivumilii lori la tani 56 likikata kona wakati wa masika. Lami ya uwanja mzima iliwekwa awamu ya pili.